Nina ufunguo wa chumba cha mitihani, na nina mpenzi mwaka wa pili. Nijitaje?

Bibi Stensili

Wakuu habari za jioni. Nauliza hapa kwa sababu nyumbani siwezi kuuliza, na kazini ndiyo kabisa. Nitaeleza kwa urefu, mwenye haraka anisamehe.

Mimi ni mama wa miaka 38, nakaa Mkolani, nina binti mmoja yuko kidato cha pili. Mume nilikuwa naye, akahamia Kahama na mtu mwingine, talaka ya mahakama ninayo tangu 2019. Kazi yangu ni katibu muhtasi, ofisi ya mitihani, chuo kimoja cha kati hapa Mwanza. Vyuo ni vingi, msihangaike kukitafuta.

Watu wanadhani katibu muhtasi ni wa kuchapa barua na kuita wageni. Ngoja niwaambie ninachofanya. Wiki tatu kabla ya mitihani wakufunzi wananiletea maswali kwenye flashi. Mimi ndiye ninayeyapanga, narekebisha namba (kuna mmoja kila mwaka anaruka kutoka swali la nne kwenda la sita, sijui la tano lilimkosea nini), natoa nakala kwenye mashine ya kudurufu, nahesabu, nabana pini, natia kwenye bahasha za kaki, nabandika, naweka sahihi yangu juu ya mkunjo na bosi anaweka yake pembeni. Karatasi zilizoharibika nazichoma mwenyewe nyuma ya jiko la chuo. Bahasha zinaingia chumba chenye mlango wa nondo. Ufunguo mmoja ana bosi, mwingine ninao mimi. Nauvaa shingoni chini ya blauzi, na wakati wa joto unaniwasha.

Sasa mwanaume. Desemba mwaka juzi nilikuwa nakwenda Nansio kwenye msiba wa mama mdogo, nimepanda MV Butiama. Ziwa lilikuwa limechafuka, na mimi na ziwa hatuelewani ingawa nimezaliwa karibu na maji kiasi cha kusikia mitumbwi ikigongana. Nimeinama kwenye mfuko wa rambo, kaka mmoja akanipa ndimu, akasema usiile, nusa tu. Nikainusa mpaka Nansio. Akaniambia anafanya biashara ya dagaa, anawatoa Ukara anawaleta Mwaloni pale Kirumba. Sikuuliza zaidi. Mtu akikupa ndimu huombi kuona vyeti. Tukapeana namba, Januari tukaanza kula sato Jumamosi, mengine mnayajua.

Mwisho wa Februari nipo dirishani nagawa namba za mtihani, foleni imefika kwenye mwembe, nainua macho: yeye. Ameshika risiti ya ada. Uhasibu, mwaka wa kwanza. Ana miaka 32, ndiye mkubwa kuliko wote darasani, wenzake wanamwita Mjomba. Hakuwa amenidanganya. Alisema dagaa, na dagaa ndio wanaomlipia ada. Mimi nami nilimwambia nafanya kazi za ofisini, basi. Tulicheka wote wawili kama wajinga, nikampa namba yake, nikaita anayefuata.

Pale ndipo nilipotakiwa kusimama. Sikusimama.

Naapa kwa mwanangu, sijamwonyesha hata kichwa cha karatasi, na yeye hajawahi kuniuliza. Mwaka wa kwanza alikula sapu mbili, yaani alifeli masomo mawili akarudia mitihani. Mwenye mpenzi wa kumvujishia angekula sapu? Ila muhula uliopita somo la gharama lilifyeka watu. Darasa la watu 61, sapu 23, yeye A. Huyu mtu amekuwa akipiga hesabu za dagaa, mafuta ya injini, ushuru na waliooza njiani kabla hajajua kwamba vitu hivyo vina somo lake. A ni yake. Lakini nani atamwamini?

Na kuna jambo jingine, nalisema mwenyewe ili mnihukumu vizuri. Jumapili moja ya Februari mwaka huu nilikuwa nadurufu peke yangu. Mvua ikashuka, ile ya huku kwetu inayoleta udongo na kokoto barabarani. Alikuja kunichukua na pikipiki, kalowa chapachapa, nikamwambia akae kwenye benchi koridoni. Mlango wangu ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la mashine. Kutoka benchi mpaka pale karatasi zinapotokea ni hatua tano, nimezihesabu baadaye mara nyingi. Hakuingia. Mlinzi alimwona.

Sasa maneno yameanza. Mama wa kantini ananiita shemeji wa mwaka wa pili. Na Jumatano iliyopita saa mbili usiku imeingia M-Pesa ya shilingi 30,000, namba siijui. Nikajua mtu kakosea. Baada ya dakika tano ukaja ujumbe: "Ya pepa la kwanza mama. Nondo usimpe mmoja tu, na sisi ni wanao." Nondo hapo si ya mlango, ni maswali ya mtihani. Nilikaa kitandani mikono inatetemeka. Hela bado imo, sijaigusa.

Mitihani inaanza wiki mbili zijazo. Yeye amebakiza mwaka mmoja na kidogo. Je, niende kwa bosi nijitaje? Au nimwache huyu kaka kimya kimya yaishe? Au ninyamaze tu, maana sisi ni watu wazima wawili na mimi sifundishi, sisahihishi, sina kalamu ya maksi? Msinitukane. Nimeshajitukana vya kutosha.

Kamanga Feri

Shangazi yaani ndimu MOJA? Mimi nimehonga sangara mzima na soda kreti, sijajibiwa mpaka leo.

Jembe la Igoma

Dada kimbia. Kutembea na mwanafunzi ni miaka 30 jela, hiyo haina mjadala. Futa hata huu uzi.

Pembeni ya Korti

Jembe usimtishe mama wa watu. Hiyo miaka 30 iliingizwa kwenye Sheria ya Elimu kwa marekebisho ya 2016, na inamhusu anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mjomba wa miaka 32 anayesomea uhasibu hayumo humo.

Kwa watu wazima vyuoni kinachotajwa zaidi ni kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007: mwenye mamlaka anayetaka ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote. Adhabu ni faini isiyozidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Ndiyo hiyo tunayoiita rushwa ya ngono, na ndiyo TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, waliyoifanyia utafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma, matokeo yakatoka 2020. Kwa alivyoeleza dada hapa, hakuna aliyedai kitu. Kwa hiyo hilo si lake.

Lake ni ile 30,000. Kwenye sheria hiyohiyo, kwa rushwa ya kawaida, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Wewe hujapokea kwa nia, lakini kila siku hela inapolala kwenye simu yako bila wewe kusema neno, maelezo yako yanapungua uzito.

Kuhusu kujitaja: vyuo vya wenzetu wameshaliandika jambo hili. Harvard tangu 2015 walimu hawaruhusiwi kuwa na mapenzi na wanafunzi wa shahada ya kwanza. UCL ya London tangu 2020 ni marufuku kwa mfanyakazi na mwanafunzi anayemfundisha au kumsimamia, na mahusiano mengine yanatakiwa kutajwa kwa maandishi. Angalia kwenye mkataba wako na kitabu cha kanuni za watumishi wa chuo chenu kama kuna kifungu cha mgongano wa maslahi. Mara nyingi kipo, hakuna anayekisoma.

Bibi Stensili

Asante Pembeni. Nimepumua kidogo kwenye miaka 30, nikakosa pumzi kwenye 30,000. Kitabu cha kanuni nimekichapa mimi mwenyewe 2018, kurasa 44, na sikumbuki hata mstari mmoja. Nitakitafuta.

London wana ofisi ya kupokea mambo hayo. Sisi tuna mama wa kantini.

Buzuruga Stendi

Dada, mimi nilikuwa upande wa pili wa dirisha lako. Sikusemi kwa ubaya, nisome mpaka mwisho.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 21, chuo kingine, mkoa mwingine wa Kanda ya Ziwa. Mkufunzi wa takwimu. Hakunitisha, hakuniambia maksi, hakufanya hata kimoja kati ya vile tunavyosoma kwenye magazeti. Alikuwa mpole. Alinifundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa shule ya msingi jioni. Nilimpenda, sisemi uongo.

Kisha nikaacha kumpenda, kama watu wanavyoacha. Na siku nilipotaka kumwambia, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu: Takwimu ya Pili anafundisha yeye, fildi anasimamia yeye, ripoti yangu anasahihisha yeye. Nikakaa miezi saba zaidi. Kila akinipigia naitika kwa sauti ya furaha. Hiyo miezi saba sijui niiite nini. Hakunilazimisha, na mimi sikuwa huru.

Mkewe alipojua, alinitumia salamu kwamba atanidai fidia ya ugoni mahakamani, na anayo haki hiyo kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, wengi hawajui kwamba yule wa pembeni anaweza kudaiwa na mume au mke. Hakufungua. Mwanaume akahamishiwa tawi jingine, mshahara uleule. Mimi nikabaki na jina. B+ yangu ya takwimu niliipata kwa kukesha na mshumaa wakati umeme unakatika, lakini miaka minne baadaye kwenye usaili wa kazi Nyakato mtu mmoja mezani akainua macho kwenye cheti changu akauliza, "Wewe si ndiye yule wa…?" Akacheka. Kazi sikupata, na sijui kama ni kwa hilo.

Unasema huna kalamu ya maksi. Sawa. Lakini jiulize hivi: Mjomba akitaka kukuacha kesho asubuhi, ataweza? Vijitabu vyake vya majibu vinapita mikononi mwako. Namba yake ya mtihani unaijua wewe. Hajawahi kukuuliza maswali ya mtihani, vizuri. Amewahi kukukatalia kitu?

Bibi Stensili

Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo mpaka Buhongwa.

Miaka yote nilijiona mimi ndiye mdogo pale. Mkufunzi akikasirika ananifokea, bosi akichelewa mimi ndiye wa kusubiri, mshahara wangu unaujua mfuko wa sembe. Sikuwahi kujiona ni mtu wa kuogopwa na mwanafunzi. Na nimejaribu kukumbuka siku aliyonikatalia kitu. Sijaipata. Nilidhani ni tabia yake nzuri.

Kamanga Feri

Naomba radhi kwa utani wa juu. Buzuruga pole dada yangu.

Mzee wa Lakiri

Mwadila, binti yangu. Nimefanya kazi ya mitihani miaka 27, nimestaafu, sasa nafuga kuku Igombe. Nimesoma uzi wote. Hawa vijana wamekueleza sheria na moyo. Mimi nitakueleza ufunguo.

Mapenzi yenu, kwa jinsi ulivyoeleza, hayamwibii mtu. Kinachowaibia watu ni huo ufunguo kuwa shingoni mwako huku kichwa chako kiko kifuani kwa mtahiniwa. Samahani kwa lugha. Sisemi umevujisha. Nasema mtihani si lazima uvuje ndipo uharibike. Inatosha watu wawe na sababu ya kudhani umevuja. Wale 23 wenye sapu wamepata pa kuegemea, na yule mwenye A amepoteza A yake hata kabla hujafungua mdomo. Umemwibia wewe, siku ile ya benchi. Hukutaka, lakini ndivyo.

Nilishuhudia mtihani ukifutwa kwa sababu ya bahasha iliyobandikwa vibaya. Hakuna aliyekuwa ameusoma. Tulishindwa tu kuthibitisha kwamba hakuna aliyeusoma. Watu mia na zaidi wakarudia, wengine walikuwa wameshasafiri Bukoba na Musoma, wakakopa nauli.

Kwa hiyo usimwache kimya kimya. Ukimwacha kimya kimya leo, mtihani ukija kuwa na shida, utakuwa na mpenzi wa zamani mwenye kinyongo na mlinzi aliyeona benchi. Na kunyamaza ndiyo usiliseme kabisa.

Andika barua, kesho. Ukurasa mmoja. Usieleze ndimu. Andika: nina uhusiano wa karibu na mwanafunzi fulani, tangu lini, wa kozi fulani. Andika Jumapili ya benchi, tarehe, saa, nani alikuwa zamu. Andika hela, kiasi, namba iliyotuma, maneno ya ujumbe kama yalivyo. Omba uondolewe kwenye uandaaji wa mitihani ya kozi ile, na ikiwezekana yote, mpaka atakapomaliza. Peleka masijala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni hadithi. Halafu ndipo uombe kumwona bosi, umwambie kwa mdomo yaleyale, usiongeze na usipunguze.

Hela usimrudishie aliyetuma. Ukirudisha wewe mwenyewe, kesho atasema mlikubaliana ukaghairi. Iache ilivyo, usiichanganye na matumizi, piga 113, ni namba ya TAKUKURU ya bure, ueleze, wakuelekeze. Ujumbe usiufute.

Na ufunguo ukabidhi kwa maandishi: leo tarehe fulani nimekabidhi ufunguo wa chumba fulani kwa fulani, saini yako, saini yake.

Sasa nijibu swali moja, na ulijibu kabla hujaandika barua. Funguo za chumba hicho ziko ngapi?

Bibi Stensili

Mbili, mzee wangu. Wa bosi na wangu.

Mzee wa Lakiri

Nimekuuliza ziko ngapi, sikuuliza ngapi zimeandikwa kwenye daftari.

Jembe la Igoma

Mzee huyu ni hatari.

Bibi Stensili

Nimechukua siku nzima kujibu hili.

Ziko tatu.

Mwaka 2022, katikati ya wiki ya mitihani, ufunguo wangu ulipinda ndani ya kufuli. Bosi alikuwa safarini Dodoma na wake ameondoka nao. Wanafunzi wamekaa ukumbini tangu saa tatu kamili, bahasha ziko ndani. Fundi akafungua kwa kuzungusha koleo, mtihani ukaanza saa tatu na nusu. Jioni nikaenda Makoroboi, kuna kijana anachonga funguo kando ya njia, nikamwambia achonge mbili kwa kuangalia ule uliopinda, mmoja wa kutumia na mmoja wa akiba ili nisiaibike tena. Shilingi 5,000 zangu mwenyewe. Sikumwambia mtu kuhusu wa akiba. Niliona ni uchapakazi. Mwaka ule nilipewa cheti cha mfanyakazi bora, kipo ukutani sebuleni.

Ule wa akiba uko nyumbani, kwenye kopo la Blue Band nilimowekea vifungo na sindano, juu ya kabati.

Na mzee, hili ndilo lililonifanya nisijibu jana. Mwezi uliopita shati lake lilikatika kifungo. Nilikuwa jikoni nageuza ugali, nikamwambia achukue kopo juu ya kabati atafute kinachofanana. Alilimwaga lote kitandani. Alishona mwenyewe, anajua kushona, wavuvi wanajua. Nimeangalia jana usiku, ufunguo bado upo. Hauna alama yoyote, ni ufunguo tu kati ya vifungo. Hakuniuliza ni wa nini.

Mzee wa Lakiri

Upeleke leo. Usingoje Jumatatu. Mpigie bosi wako sasa hivi, mwambie una jambo la chumba cha mitihani lisilosubiri, umfuate hata nyumbani kwake, lakini uende na mtu, usiende peke yako na usiende na huyo kaka. Ufunguo utie kwenye bahasha, bandika, saini. Barua iandike upya iwe na hilo la kopo, na hilo la kifungo pia.

Kufuli itabidi libadilishwe na bahasha zilizomo zihesabiwe upya mbele ya mashahidi. Kama wana seti ya pili ya maswali, watumie hiyo. Kama hawana, wakufunzi watatunga mingine wiki hizi mbili, watakuchukia, na watakuwa na haki.

Binti yangu, sidhani alijua ni ufunguo wa nini. Lakini hilo si la mimi kudhani, wala la wewe.

Pembeni ya Korti

Naongeza moja tu. Mwambie na yeye kabla hujakabidhi barua. Jina lake linaingia kwenye faili, asije kulisikia kantini.

Buzuruga Stendi

Ndiyo. Na umwambie kwa namna ambayo anaweza kukasirika.

Bibi Stensili

Wakuu, nimerudi. Zimepita siku tisa. Naandika kwa ufupi kwa sababu nimechoka.

Nilikwenda kwa bosi Ijumaa ileile jioni, na mama mmoja wa kanisani kwetu ambaye aliketi mlangoni na hakutaka kujua ni kuhusu nini. Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Akaomba maji. Halafu akasema, "Mwaka 2022? Siku niko Dodoma?" Nikasema ndiyo. Akasema kumbe yeye ndiye aliyenisainia cheti. Hakufoka. Ningependa angefoka.

Jumatatu barua iliingia masijala, saa 4:10 asubuhi, muhuri upo. Kufuli limebadilishwa siku hiyohiyo, bahasha zimefunguliwa zikahesabiwa mbele ya watu wanne, hakuna iliyopungua. Hata hivyo maswali ya uhasibu yote yametungwa upya. Yule mkufunzi wa swali la tano amenipita koridoni bila kunisalimia. 113 nilipiga, nikaelekezwa ofisi yao, nikaandika maelezo, simu yangu wakanakili ujumbe. Namba iliyotuma sijui ni ya nani, na wala sijauliza.

Mimi nimewekwa mapokezi wakati kamati ya nidhamu inakaa. Kikao hakijapangwa. Inawezekana nikaachishwa, bosi ameniambia wazi nijiandae kwa lolote. Binti yangu nimemwambia nimehamishwa idara, lingine nitamweleza likiiva.

Kijitabu chake cha somo la gharama kimetolewa, kitasahihishwa upya na mtu wa nje. A imesimamishwa.

Yeye nilimwambia Jumamosi, kabla ya barua. Pembeni alinishauri nimwambie, nikadhani nitamwomba ruhusa, nikajikuta namjulisha tu. Ile ya Buzuruga niliielewa nilipoona uso wake. Alikasirika. Mwaka mzima na zaidi sijawahi kumwona amekasirika. Alisema nimemfanya mwizi wa mtihani alioufanya kwa akili yake, kwamba akina fulani wamemcheka umri, wamemcheka harufu ya dagaa, sasa na hili. Akauliza kwa nini sikumwambia kopo lina nini siku ile ya kifungo. Sikuwa na jibu. Akaenda Ukara bila kuaga, simu haipatikani siku nne. Nilijua imeisha, na nikaona kwamba angalau safari hii amenikatalia kitu.

Jana usiku akapiga. Hakusema nakupenda wala nimekusamehe. Alisema anarudi kufanya mitihani, hawezi kumwachia mtu ada ya dagaa wa mwaka mzima. Na kwamba na yeye anataka kuandika barua kwa mkuu wa kitengo, kueleza benchi, kopo na kifungo kwa upande wake, ili kijitabu kikisahihishwa maneno yake yawe yamo kwenye faili.

Kisha akaniuliza barua ya kiofisi inaanzaje, anwani inakaa kulia au kushoto, na kama ninaweza kumchapia.

Anwani nimemwambia ikae kulia. Kumchapia nimekataa.